Mistari ya Biblia kwa anayeuguza nyumbani, na namna ya kuitumia bila kujiumiza

Mtu anayeuguza mzazi aliyepata kiharusi huambiwa mara nyingi kwamba "Mungu hampi mtu mzigo asioweza kuubeba". Maneno hayo hayamo kwenye Biblia. Mstari unaodhaniwa kuyasema ni 1 Wakorintho 10:13, nao unahusu majaribu yanayomvuta mtu atende dhambi, na mlango wa kutokea ambao Mungu huufungua. Kuhusu mizigo, Paulo huyohuyo anaandika katika barua ya pili kwa Wakorintho, 1:8, kwamba yeye na wenzake "tulilemewa mno kuliko nguvu zetu, hata tukakata tamaa ya kuishi". Mtume alilemewa kupita nguvu zake, akaandika hivyo wazi, na kanisa likaitunza barua. Basi anayeuguza akisema "nimeshindwa" hajakufuru.

Nimeanza na hilo kwa sababu Neno likitumiwa vibaya linaweza kuwa fimbo. Likitumiwa vizuri humfanyia mtunzaji mambo mawili: humruhusu kuchoka, na humwitia watu wa kushika upande wa pili wa mzigo. Ninayoyaandika hapa chini yanazunguka mambo hayo mawili. Mistari nimeinukuu kutoka Union Version, tafsiri ya zamani ya Biblia ya Kiswahili, ambayo wengi wameikariri.

Chakula na usingizi kwanza

Soma 1 Wafalme 19:4-8 kabla ya kitu kingine chochote. Eliya amechoka, amekaa chini ya mretemu (kichaka cha jangwani), anaomba afe. Malaika hamhubirii. Anamgusa, anamwambia "Inuka, ule", na kichwani pake pana mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Eliya anakula, analala tena. Malaika anarudi mara ya pili na kumwambia: "Inuka, ule, maana safari hii ni kubwa mno kwako." Maongezi kuhusu wito wake na mambo ya Israeli yanakuja baadaye, mlimani Horebu, baada ya mwendo wa siku 40. Utaratibu huo una maana kwa mtunzaji: ukiwa hujala tangu asubuhi na umelala saa tatu tu, usijilazimishe kufungua Biblia ukadhani ubaridi unaousikia ni imani iliyopungua. Kula. Lala hata nusu saa mgonjwa anapolala. Kisha soma.

Kwa sababu hiyohiyo, siwashauri wanaouguza wafunge chakula. Anayemwinua mtu mzima kitandani mara kadhaa kwa siku akiwa na njaa anaweza kupata kizunguzungu, wakaanguka wote wawili. Kama moyo unakusukuma kufunga, acha kitu kingine: simu baada ya saa tatu usiku, kwa mfano. Na mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari asifunge bila daktari wake kukubali, hata kama kanisa zima limetangaziwa mfungo. Isaya 58:7 inaeleza mfungo ambao Mungu anaupenda: kumgawia mwenye njaa chakula, kumvika aliye uchi, na kutojificha na mtu mwenye damu moja nawe. Unayeuguza umo ndani ya mfungo huo tayari.

Neno dogo, mahali pake

Biblia ina sura 1,189. Mpango wa kuimaliza kwa mwaka unadai sura tatu hadi nne kila siku, na anayeuguza huachwa nyuma mapema. Anajaribu kufidia, anashindwa, anaona aibu, mwisho anaacha kusoma kabisa. Ni afadhali auache mpango wenyewe bila kujilaumu, achukue mstari mmoja kwa wiki nzima. Uandike kwa mkono, herufi kubwa, kwenye kadi. Itie ndani ya mfuko wa plastiki isilowane, uiweke pale unapopanga dawa, kwa kuwa hapo utapita kila siku hata siku mbaya. Wiki ikiisha, badilisha. Kadi ikikaa mwezi mzima jicho huizoea na kuipita.

Kinachofanya kazi kuliko vyote ni kuufunga mstari na kazi ambayo utaifanya vyovyote vile.

Kunawa mikono ndiyo kazi rahisi ya kuanzia. Mikono inatakiwa kusuguliwa kwa sabuni angalau sekunde 20, na Baba Yetu ikisemwa bila haraka inachukua muda huo na zaidi kidogo. Ukinawa kabla ya chakula chake, kabla ya dawa, kabla ya kugusa kidonda na baada ya kumbadilisha nepi, umesali mara nyingi kwa siku bila kutafuta nafasi ya pekee.

Kumgeuza mgonjwa asiyeinuka ni kazi nyingine. Kwa kawaida hushauriwa ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi ili asipate vidonda vya kulalia kwenye visigino, nyonga na mfupa wa mkia. Zaburi 121 ina mistari minane na kuisema kwa sauti ni dakika moja hivi. Kwanza unamwambia unachotaka kufanya ("nakugeuza upande wa dirishani"), unamgeuza, unaweka mto mgongoni na mwingine katikati ya magoti, unaangalia ngozi kama pana wekundu usiopotea ukibonyeza, kisha unaisema zaburi wakati unamnyoosha shuka. Usiiseme ukiwa unamwinua; wakati huo akili yako iwe kwenye mgongo wako na mikono yake. Mstari wa nne, kwamba mlinzi wa Israeli hasinzii wala halali, ni wa kuushika kwa sababu maalumu: ukimaliza zamu yako ya usiku, yuko anayebaki macho. Nenda kalale.

Kwa wanaoamshwa saa nane za usiku zipo zaburi fupi zinazosemeka gizani bila kuwasha taa: ya 131 na ya 134, zote zina mistari mitatu. Ya 134 inawataja watumishi wa BWANA wanaosimama usiku katika nyumba yake. Na ukiwa huna nguvu hata ya mistari mitatu, lipo ombi la Petro akizama, "Bwana, niokoe" (Mathayo 14:30). Maneno mawili yalimtosha.

Kusoma pamoja na mgonjwa

Hapa ndipo pana makosa mengi yanayoweza kuepukwa.

Mwenye ugonjwa wa kusahau mara nyingi huwa bado ana yale aliyoyakariri utotoni, hata wakati hakumbuki kama amekula. Msomee tafsiri aliyoizoea. Kama Zaburi 23 aliijua kama "BWANA ndiye mchungaji wangu, sitapungukiwa na kitu", ukimsomea tafsiri mpya yenye maneno laini zaidi atakuangalia tu, ilhali ile ya zamani angeimalizia mwenyewe. Lugha pia: wengi hurudi kwenye lugha ya kwanza waliyolelewa nayo. Kama mama alisali kwa kilugha, tafuta Biblia au kitabu cha nyimbo cha kilugha.

Aliyepoteza usemi baada ya kiharusi anaweza wakati mwingine kuimba maneno asiyoweza kuyasema. Anza wimbo wa kanisani anaoujua, taratibu, kwa sauti ya chini kidogo kuliko kawaida, na usubiri. Usimsahihishe maneno. Akitoa sauti bila maneno, huo nao ni wimbo. Ubeti mmoja au miwili inatosha. Akianza kukunja uso au kugeuza kichwa, nyamaza.

Soma ukiwa umekaa usawa wa macho yake, upande anaosikia vizuri au anaouona, redio ikiwa imezimwa. Mistari mitano hadi kumi. Na usisome wakati anakula. Mwenye shida ya kumeza akijaribu kusema "Amina" na chakula kimo mdomoni anaweza kupaliwa, na chakula kikiingia njia ya hewa huleta nimonia. Maliza chakula, hakikisha mdomo ni mtupu, mwache akae wima nusu saa hivi, na nusu saa hiyo ndiyo nafasi nzuri ya Neno.

Shida hiyohiyo ya kumeza inahusu Meza ya Bwana. Mchungaji au padri aambiwe kabla hajafika. Kipande kidogo sana kilicholoweshwa huwa salama zaidi kwa wengine, lakini aliyeagizwa vinywaji vilivyofanywa vizito ili avimeze salama asipewe divai au maji ya kawaida hivihivi. Muulize muuguzi wake. Mgonjwa ambaye hawezi kumeza kabisa asilazimishwe, na hajakosa neema kwa hilo.

Kuhusu mafuta, Yakobo 5:14 inaelekeza wazee wa kanisa waitwe, wamwombee mgonjwa na kumpaka mafuta kwa jina la Bwana. Angalia nani anaitwa: wazee, kwa wingi, na ni wao wanaokuja nyumbani. Tone moja kwenye paji la uso linatosha. Yasipakwe kwenye kidonda kilicho wazi wala karibu na macho. Kama mgonjwa anatumia oksijeni, mafuta yasipakwe usoni karibu na pua, na mshumaa usiwashwe chumbani humo hata kwa ibada. Oksijeni hufanya moto ushike na kuenea haraka mno.

Dawa ziendelee. Isaya 38 inasimulia jinsi mfalme Hezekia alivyoomba akiwa mgonjwa na kuongezewa miaka 15, na katika sura hiyohiyo, mstari wa 21, Isaya anaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Paulo alimwambia Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake (1 Timotheo 5:23), na Luka aliyesafiri naye alikuwa tabibu. Anayekuambia uache vidonge vya shinikizo la damu ili kuonyesha imani hana mstari wa kusimamia.

Mistari inayogeuzwa kuwa fimbo

Unaoongoza ni 1 Timotheo 5:8, kwamba asiyewatunza walio wake ameikana imani. Hutupiwa binti aliyechoka, mara nyingi na ndugu ambaye mwenyewe hajawahi kulala siku moja kwa mgonjwa. Soma sura nzima. Paulo anazungumzia wajane, na katika mstari wa 4 wanaotakiwa kuwajibika ni "watoto au wajukuu", kwa wingi. Ni onyo kwa anayekwepa. Aliyebeba peke yake kwa miaka ana haki ya kuusoma mstari huo mbele ya kikao cha ukoo na kuuliza kila mmoja atachukua nini. Wa kusomwa pamoja nao ni Marko 7:9-13, pale Yesu anapowakemea waliotumia Korbani, yaani mali iliyowekwa wakfu kwa Mungu, kama kisingizio cha kutowasaidia baba na mama. Kwa hiyo mwenye kutoa mchango mkubwa kanisani huku dawa za mama yake zimekatika, Bwana ameshamjibu.

Fimbo ya pili ni "angekuwa na imani angepona". Paulo alimwacha Trofimo, mwenzake wa safari, mjini Mileto akiwa mgonjwa (2 Timotheo 4:20). Epafrodito, mtenda kazi pamoja naye, aliugua karibu na kufa (Wafilipi 2:27). Na wanafunzi walipouliza nani alitenda dhambi hata mtu azaliwe kipofu, Yesu alisema si yeye wala wazazi wake (Yohana 9:3).

Ya tatu ni furaha ya kulazimishwa. Mtunzaji anaambiwa ashukuru kwa kila jambo, basi anameza hasira mpaka inamtokea mikononi, anamvuta mgonjwa kwa nguvu wakati wa kumvisha. Zaburi zina njia nzuri zaidi. Ya 13 ina mistari sita tu: miwili ya kwanza inauliza "hata lini" mara nne, miwili inaomba, miwili ya mwisho inategemea. Chukua karatasi, uandike yako kwa mpangilio huo. Sehemu ya malalamiko iwe na mambo yenyewe: "Bwana, hata lini nitafua shuka hizi kila asubuhi? Hata lini kaka yangu atakuwa na udhuru?" Ukifika sehemu ya kutegemea na huna la kusema, iache wazi. Zaburi 88 inaishia gizani, haina mstari wa faraja mwishoni, nayo imo kwenye kitabu cha sala.

Kupata watu

Yethro, baba mkwe wa Musa, alipomwona akiamua mashauri tangu asubuhi hata jioni, alisema: "Jambo hili ufanyalo si jema." Kisha akaeleza kwa nini: utadhoofika wewe, na watu walio pamoja nawe pia, maana "huwezi kulifanya mwenyewe peke yako" (Kutoka 18:17-18). Dawa yake ilikuwa mgawanyo: wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa kumi, madogo wayamalize wao, magumu yaje kwa Musa.

Fanya hivyo kwa karatasi. Kwa siku saba andika kila kazi unayoifanya na saa yake. Kisha gawa: zipi lazima ziwe zako, zipi mtu mwingine anaweza. Kumwogesha huenda kubaki kwako kwa ajili ya heshima yake, au kwa mtu mmoja anayemkubali. Kuchukua dawa, kufua, kupanga foleni kliniki, kulipa bili, kukaa naye saa mbili ili ulale, hizo zitoe zote. Wengi hushangaa orodha ya pili inavyokuwa ndefu.

Ukiomba, taja siku, saa na kazi. "Jumanne, saa nane hadi saa kumi, uje ukae na baba" hupata jibu. "Mniombee na mnisaidie" hupata amina nyingi. Jumuiya nazo zina kosa lao: "ukihitaji chochote tuambie" inamrudishia aliyechoka kazi ya kufikiri. Mzee wa kanisa mmoja au mama mmoja wa kikundi apewe ratiba, awe yeye anayepiga simu, mtunzaji asiombe mwenyewe kila mara. Wenye ari hujitokeza wiki ya kwanza na kupotea ya tatu, kwa hiyo mpangieni kila mtu zamu moja kwa wiki mbili badala ya tatu kwa wiki moja. Mwenye mafua asije.

Mwache anayekaa zamu na karatasi moja: dawa na saa zake, anavyokaa anapokula, jina analopenda kuitwa, namba ya kupiga, na la kufanya akianguka. Kuhusu kuanguka, andika wazi: usimwinue kwa pupa, muulize wapi panauma, angalia kama mguu umepinda au kichwa kimegonga, mfunike, piga simu.

Anayekuja kuomba asizidishe dakika 20. Aulize kwanza kama anaweza kuomba. Maombi ya kelele, makemeo na kuwekewa mikono na watu watano humtisha sana mwenye ugonjwa wa kusahau. Anaweza kupiga au kukataa kulala usiku huo, na atakayekesha ni mtunzaji. Rafiki za Ayubu walikaa naye siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno. Walipofungua midomo ndipo walipoharibu.

Kuna na hili la kumlipa mtu, au kumpeleka mgonjwa kwenye nyumba ya kutunzia wagonjwa. Watu hulichukulia kama usaliti. Msamaria wa Luka 10 alifunga jeraha, akatia mafuta na divai, akampandisha juu ya mnyama wake, akamtunza usiku ule. Siku ya pili alitoa dinari mbili, ujira wa kibarua wa siku mbili, akamwambia mwenye nyumba ya wageni, "Mtunze huyu", akaendelea na safari yake na kuahidi kulipa kitakachozidi akirudi. Alimwachia mwingine, alilipa, na aliahidi kurudi kuangalia. Ukifanya hayo matatu, hakuna ulichomwibia mgonjwa wako.

Dalili za kutongoja

Hesabu 11:14-15, Musa anamwambia Mungu kwamba watu hawa ni mzigo mzito kumshinda, na kama ndivyo itakavyokuwa, amwue. Mungu hamkemei, anamwambia akusanye wazee 70 wauchukue mzigo pamoja naye. Basi ukijiona unamshika mgonjwa kwa nguvu au kumfokea kila siku, unakunywa pombe ili ulale, unameza dawa zake za usingizi, hulali hata pale nafasi ipo, au unawaza kufa au kumdhuru, hilo ni la daktari na la mchungaji siku hiyohiyo. Mwite mtu aje akae na mgonjwa, utoke. Kama wazo la kudhuru ni la sasa hivi, msibaki wawili peke yenu. Maombi yaendelee, ila yasiwe sababu ya kuchelewa.

Mgonjwa akifariki, ratiba isifutwe siku ya maziko. Israeli walimlilia Musa siku 30 (Kumbukumbu la Torati 34:8), na mwezi ni kipimo kizuri cha chini. Badilisheni kazi tu: mtu mmoja arudishe kiti cha magurudumu kilichoazimwa, mwingine apeleke dawa zilizobaki duka la dawa zikateketezwe, mwingine aje jioni, maana mwili wa mtunzaji utaendelea kuamka saa za dawa kwa wiki kadhaa. Na mmoja ampeleke hospitali kupima shinikizo, sukari na ule mgongo aliokuwa akiuahirisha.